Watoto 251 wa Lübeck: kinga ya mwili ilipopambana na kifua kikuu bila dawa

Mwanzoni mwa 1930, katika mji wa Lübeck kaskazini mwa Ujerumani, wazazi waliojaliwa watoto walipewa ushauri uliokuwa wa kisasa kabisa kwa zama zile: mchanjeni mtoto kwa chanjo mpya ya kifua kikuu iliyotoka Paris. Haikuwa sindano kama tunavyoijua leo. Ilikuwa dawa ya kunywesha, dozi tatu ndani ya siku kumi za kwanza za maisha. Kati ya watoto 412 waliozaliwa mjini humo katika kipindi hicho, 251 walinyweshwa. Na ndani ya chanjo hiyo, bila aliyeitayarisha kujua, walikuwamo bakteria hai wa kifua kikuu, wale wakali wenyewe.

Watoto 72 walikufa kwa kifua kikuu, wengi wao kati ya mwezi wa pili na wa tano baada ya kunyweshwa, na wote isipokuwa mmoja kabla mwaka haujaisha. Wengine 135 waliugua, wakapona. Na 44 waliobaki hawakuugua kabisa. Kipimo cha ngozi peke yake ndicho kilichoonyesha kwamba bakteria walikuwa wamewaingia.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha uzembe wa maabara na cha maadili ya utabibu, na ni kweli kwamba ni hivyo. Hapa lakini nataka kukitazama kwa upande ambao mara nyingi huachwa. Mwaka 1930 hapakuwa na dawa hata moja ya kuua bakteria wa kifua kikuu ndani ya mwili wa binadamu. Streptomycin, ya kwanza kabisa, iligunduliwa 1943. Kwa hiyo wale watoto 179 waliobaki hai hawakuponywa na daktari. Waliponywa na seli zao wenyewe, seli za watoto ambao baadhi yao walikuwa hawajatimiza hata wiki moja duniani. Hicho ndicho kinachohitaji kuelezwa. Vifo vinasikitisha, ila havishangazi.

Kuna sababu nyingine inayokifanya kisa hiki kuwa cha pekee. Mgonjwa wa kawaida wa kifua kikuu hajui aliambukizwa lini, na nani, wala alivuta bakteria wangapi. Huenda ilikuwa ndani ya daladala mwaka jana, huenda ilikuwa utotoni miaka thelathini iliyopita. Lübeck yote hayo yanajulikana au yanakisika: siku ya kuambukizwa, njia walimopitia bakteria, umri wa watoto (uleule kwa wote), na hata kwa kiasi fulani wingi wa bakteria waliomezwa. Hakuna kamati ya maadili popote duniani itakayoruhusu jambo kama hilo lifanywe kwa makusudi. Lilifanyika kwa bahati mbaya, na Wajerumani, kwa tabia yao ya kuandika kila kitu, walilihifadhi kwenye kumbukumbu.

Kabati moja, bakteria wa aina mbili

Chanjo yenyewe haikuwa na kosa. Albert Calmette na Camille Guérin walianza kazi mjini Lille mwaka 1908, wakiwaotesha bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe kwenye viazi vilivyopikwa kwa nyongo ya ng'ombe na gliserini, wakiwahamisha kila baada ya wiki chache kwenye chakula kipya. Walifanya hivyo mara 230 kwa miaka 13. Walichokipata mwishoni ni bakteria aliyesahau ukali wake, ndiye BCG, aliyepewa jina la Calmette na Guérin wenyewe. Mtoto wa kwanza alipewa Paris mwaka 1921, na kufikia 1928 watoto zaidi ya 100,000 walikuwa wamekwisha kunyweshwa nchini Ufaransa bila balaa lolote la namna hii.

Bakteria hao wa BCG walitumwa Lübeck kutoka Paris katika kiangazi cha 1929. Profesa Georg Deycke, mkuu wa hospitali ya mji, alisimamia utayarishaji wa chanjo katika maabara yake, na Dkt. Ernst Altstaedt wa idara ya afya ndiye aliyesukuma mpango mzima. Tatizo ni kwamba maabara hiyohiyo ilikuwa ikihifadhi bakteria wakali wa kifua kikuu waliotoka mji wa Kiel, tena ndani ya kabati lilelile la joto. Mahali fulani katika kuhamisha na kugawa, wakachanganyika. Na kabla ya kuwapa watoto, hakuna aliyejaribu chanjo hiyo kwa wanyama, jambo ambalo lingefichua kosa ndani ya wiki chache.

Kilichowaumbua bakteria wa Kiel ni rangi. Walipooteshwa kwenye chakula cha mayai walikuwa na rangi ya kijani ambayo BCG haina. Bakteria waliotolewa kwenye miili ya watoto waliokufa walipooteshwa, kijani kile kikajitokeza. Kesi ikaanza Oktoba 1931. Februari 1932 Deycke akahukumiwa kifungo cha miaka miwili na Altstaedt miezi 15. Magazeti yaliiita kesi ya Calmette, ingawa Calmette mwenyewe hakuwa mshtakiwa. Mambo ya mahakama niyaachie hapo.

Swali la kibaiolojia ndilo lenye utamu zaidi. Bakteria hawa wawili ni ndugu wa karibu sana. Wamevaa ukuta uleule wa nta, seli za mwili huwatambua kwa alama nyingi zilezile. Kwa nini mmoja ni chanjo na mwingine ni sumu? Jibu kubwa lilipatikana miaka ya 1990, wanasayansi walipolinganisha jeni zao: katika safari ile ya miaka 13 kwenye viazi, BCG ilipoteza kipande cha jeni kinachoitwa RD1. Kipande hicho ndicho chenye maelekezo ya kutengeneza mtambo wa kusukumia protini nje ya bakteria. Kazi ya mtambo huo huonekana vizuri bakteria akiwa tayari ameshamezwa.

Wiki za mwanzo: anayemeza na anayemezwa

Kwa kawaida kifua kikuu huingia kwa hewa. Lübeck kiliingia kwa mdomo, na ripoti ya uchunguzi iliyochapishwa 1935 na ofisi ya afya ya taifa la Ujerumani ilionyesha alama zake palepale: tezi za shingo, utumbo, na tezi za tumboni zinazopokea majimaji kutoka kwenye utumbo. Kwa seli za kinga, hata hivyo, hatua ya kwanza haikutofautiana sana na ile ya mapafuni. Bakteria anavuka utando, anakutana na makrofaji.

Makrofaji ni seli kubwa nyeupe inayokaa ndani ya viungo, kazi yake kumeza uchafu, seli zilizokufa na vijidudu. Ikikimeza kijidudu hukifungia ndani ya kifuko, kisha kifuko hicho huunganishwa na vifuko vingine vyenye tindikali na vimeng'enya. Kwa vijidudu vingi mambo huishia hapo. Bakteria wa kifua kikuu anakubali kumezwa, bali anazuia muungano ule usifanyike. Anakaa ndani ya kifuko kisichoiva, anakula mafuta ya mwenyeji wake, anagawanyika. Akiwa na mtambo wa RD1 anakwenda mbali zaidi: anatoboa utando wa kifuko, na hatimaye makrofaji hufa na kumwaga bakteria nje, makrofaji wengine wakaja kuwameza, na mchezo ukaanza upya. BCG, isiyo na mtambo huo, hubaki imefungwa kifukoni na mwishowe humalizwa.

Kwa hiyo katika siku za kwanza, seli inayotakiwa kuulinda mwili ndiyo nyumba ya adui. Wengi tumefundishwa shuleni kwamba seli nyeupe ni askari wa mwili. Kwa kifua kikuu mfano huo unapotosha, kwa sababu hapa askari amegeuzwa kuwa kambi.

Tusimdharau makrofaji lakini. Hata akiwa peke yake huwaua baadhi. Wapo watu waliokaa miaka nyumba moja na mgonjwa anayekohoa bakteria na kipimo chao cha ngozi kikabaki hakionyeshi kitu, na makrofaji ni miongoni mwa wanaodhaniwa kuhusika. Kwa watoto wachanga, hata hivyo, makrofaji wao bado hawana ukali wa yule wa mtu mzima, na hii ni moja ya sababu ambazo mtoto chini ya mwaka mmoja akiambukizwa bila kinga yoyote huwa katika hatari kubwa ya kuugua, kuliko mtoto wa miaka saba au minane.

Hesabu ya siku

Msaada unatakiwa utoke kwenye tezi. Seli nyingine, ziitwazo dendriti, huchukua vipande vya bakteria na kuvipeleka hadi kwenye tezi limfu zilizo karibu. Huko zinavionyesha kwa seli T, aina nyingine ya seli nyeupe, ambazo kila moja imezaliwa na uwezo wa kutambua alama moja tu. Ile inayotambua huanza kugawanyika hadi kuwa maelfu kwa maelfu, kisha zinatoka na kusafiri hadi penye ugonjwa. Kwa mafua jambo hili huchukua siku chache. Kwa kifua kikuu huchelewa mno. Kwa binadamu, kipimo cha ngozi, ambacho kwa kweli kinapima kama seli T zimekwisha kumjua bakteria huyu, hugeuka kati ya wiki 2 na 8 baada ya kuambukizwa. Bakteria mwenyewe huchangia ucheleweshaji huo, kwa kuwa huzizuia seli zilizombeba zisifike mapema kwenye tezi.

Hapa ndipo hesabu ya Lübeck ilipo. Bakteria wa kifua kikuu hugawanyika polepole, takriban mara moja kwa siku. Chukulia hakuna anayekufa. Bakteria mmoja, baada ya siku 20, ni zaidi ya milioni moja. Ukianza na bakteria 1,000, milioni hiyo unaifikia baada ya siku 10, na siku ya 20 una bilioni. Mwilini mambo hayaendi hivyo kwa unyoofu, maana wengi huuawa njiani, lakini uhusiano wenyewe unabaki: kumeza bakteria mara elfu zaidi ni sawa na kuinyima kinga siku kumi za kujiandaa. Na dozi moja ya BCG ya kunywa ilikuwa na bakteria mamia ya mamilioni. Uchafu wa asilimia ndogo tu ndani yake ulitosha kumpa mtoto bakteria wakali wengi kuliko wale wachache wanaovutwa na mtu kwa chembe za kikohozi.

Uchafu huo haukuwa sawa kwa kila tayarisho la chanjo. Baadhi ya chupa zilikuwa na bakteria wa Kiel wengi, nyingine wachache. Wachunguzi wa Kijerumani waliyapanga matayarisho kwa makundi kulingana na wingi wa bakteria wakali waliomo. Mwaka 2016 Gregory Fox, Marianna Orlova na Erwin Schurr walizirudia takwimu hizo kwa mbinu za kisasa, na picha ikajitokeza: kadiri uchafu ulivyozidi, ndivyo ugonjwa ulivyozidi kuwa mkali na kuwahi kuonekana. Waliopewa matayarisho yenye uchafu kidogo wengi walipona.

Nafikiri hili ndilo somo kubwa la kisa hiki kuhusu seli za kinga, na ndilo linalopuuzwa tunapozungumza juu ya "kinga imara" na "kinga dhaifu" kana kwamba ni nguvu za mtu kunyanyua mzigo. Watoto wa Lübeck walikuwa na umri mmoja, mji mmoja. Kilichowatenganisha kwa kiasi kikubwa ni muda: seli T ziliwakuta bakteria wangapi zilipofika.

Seli T zikifika hufanya nini

Haziui bakteria moja kwa moja, angalau si kazi yao kubwa. Zinamwamsha makrofaji. Seli T za aina ya CD4 zinapomtambua makrofaji aliyebeba bakteria hutoa kemikali iitwayo interferoni gama. Makrofaji akiipokea, anabadilika: kifuko kilichokuwa kimezuiwa kinaanza kuiva, tindikali inaingia, chuma ambacho bakteria anakihitaji kinapunguzwa, kemikali za sumu zinatengenezwa. Naye makrofaji kwa upande wake hutoa interlukini 12, inayozihimiza seli T ziendelee kutoa interferoni. Kemikali ya tatu, TNF, huwaita wenzao na kuwaweka pamoja.

Wakikusanyika hujenga uvimbe mdogo unaoitwa granuloma: bakteria na makrofaji katikati, baadhi ya makrofaji wakiwa wameungana kuwa seli kubwa zenye viini vingi, na seli T wakizunguka pembeni. Katikati huweza kuoza na kuwa kama jibini. Mambo yakienda vizuri, chokaa hujaa pale na kidonda hukauka. Hizo ndizo chembe za chokaa zilizoonekana baadaye kwenye picha za eksirei za tezi za watoto walionusurika Lübeck. Mambo yakienda vibaya, ukuta hubomoka, bakteria huingia kwenye damu na kusambaa hadi ini, wengu, mapafu, na utando wa ubongo. Hivyo ndivyo walivyokufa baadhi ya wale 72.

Mtu anaweza kuuliza: tunajuaje kwamba ni seli hizi hasa, wala si kitu kingine? Ushahidi ulio wazi kuliko wote unatoka kwa watu waliozikosa. Mwaka 1996 madaktari walieleza visa vya watoto, miongoni mwao wa familia moja ya Malta na mmoja kutoka Tunisia, waliozaliwa na hitilafu katika kipokezi cha interferoni gama. Seli T zao zilikuwapo na kemikali ilitoka, lakini makrofaji hawakuisikia. Mtoto wa Tunisia alichanjwa BCG, ileile isiyodhuru wengine, ikamuua. Huyu ni kinyume kamili cha mtoto wa Lübeck: mmoja alipewa bakteria dhaifu akafa, mwingine alipewa bakteria mkali akapona bila hata kidonge. Ukiviweka visa hivi viwili pamoja, unaona kwamba ukali wa bakteria ni nusu tu ya habari.

TNF nayo ilipata ushahidi wake mwaka 2001. Dawa iitwayo infliximab, inayozuia TNF, ilikuwa imeanza kutumika kwa wagonjwa wa baridi yabisi na wa utumbo. Ripoti ya mwaka huo ilikusanya wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya kuitumia, 48 kati yao wakiwa wamepewa mara tatu au chini ya hapo. Wengi walitoka nchi ambazo kifua kikuu ni nadra. Wengi wao inaelekea walikuwa na bakteria waliolala ndani ya granuloma za zamani. TNF ilipoondolewa, kuta zikafunguka. Tangu hapo mgonjwa hupimwa kwanza maambukizo ya kifua kikuu kabla ya kuanzishiwa dawa ya aina hiyo.

Kuhusu CD4 sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kusimuliwa. VVU huziua seli hizo, na kila aliyefanya kazi wodini kabla ya dawa za kufubaza virusi kupatikana kwa wingi anakumbuka kilichofuata. Kuna jambo moja hapo ambalo si wengi wanalolijua: mgonjwa wa kifua kikuu ambaye CD4 zake zimeshuka sana mara nyingi hana yale mashimo makubwa mapafuni. Eksirei yake inaweza hata kuonekana karibu safi, huku bakteria wametapakaa mwilini. Mashimo huchimbwa kwa sehemu kubwa na kinga yenyewe, seli T, makrofaji na seli za usaha zikigombana mahali pamoja hadi nyama ya pafu inaoza. Na ni mashimo hayo yanayomfanya mgonjwa akohoe bakteria na kuambukiza wengine. Kinga ya kifua kikuu kwa hiyo ni suala la kiasi. Ikipungua mwili hujaa bakteria, ikizidi pafu linatoboka.

Yale ambayo wingi wa bakteria haukuyaeleza

Ningekuwa napunja kama ningeacha wazo kwamba dozi ilieleza kila kitu. Ndani ya kundi moja la chanjo, yenye uchafu wa kiwango kimoja, watoto hawakufanana. Mmoja alikufa, wa pili aliugua kidogo, wa tatu hakuonyesha dalili. Hapo ndipo urithi unapoingia, pamoja na bahati. Na bahati si neno la kukwepa swali. Katika majaribio ya nyani aina ya makaku, yaliyochapishwa 2014, watafiti waliwatia bakteria alama ili kufuata kila granuloma ilikoanzia. Waligundua kwamba granuloma nyingi huanzishwa na bakteria mmoja tu, na kwamba ndani ya nyani mmoja, kwa wakati mmoja, granuloma moja ilikuwa imewaua bakteria wake wote huku ya jirani ikiwa imejaa bakteria hai. Damu ni moja, jeni zilezile, seli T zilezile, na matokeo mawili tofauti ndani ya pafu lilelile.

Ukiisoma Lübeck kwa mwanga huo, mtoto aliyepona anaweza kuwa yule ambaye vidonda vyake vyote vilishinda, na aliyekufa akawa yule ambaye kimoja tu kilishindwa kikafungulia damu. Aliyemeza bakteria wengi alipata vidonda vingi, hivyo nafasi nyingi zaidi za kimoja kushindwa. Wingi na bahati, kwa maana hiyo, ni jambo lilelile linalotazamwa pande mbili.

Kuna swali jingine linalonisumbua, nalo sidhani kama kisa hiki peke yake kinaweza kulijibu. Watoto hawa hawakunyweshwa bakteria wa Kiel watupu. Walinyweshwa mchanganyiko, na BCG hai ilikuwamo. Je, BCG iliwasaidia? Inawezekana, kwa sababu seli dendriti zilipata malighafi ya kuonyesha mapema, na BCG hujulikana pia kuwaacha makrofaji katika hali ya tahadhari. Lakini hakukuwa na kundi la watoto walionyweshwa bakteria wa Kiel peke yao wa kulinganisha nao, na tushukuru halikuwapo.

Kutoka Lübeck hadi chanjo zinazojaribiwa sasa

Kwa miaka mingi walioitafuta chanjo bora kuliko BCG walijiambia hivi: interferoni gama ndiyo inayomwamsha makrofaji, basi tutengeneze chanjo inayoongeza seli T zenye kutoa interferoni, tuzipime kwenye damu, zikiwa nyingi tumefaulu. Chanjo ya MVA85A ilijengwa juu ya wazo hilo. Ilijaribiwa Afrika Kusini kwa watoto wachanga 2,797 waliokuwa tayari wamechanjwa BCG. Seli T ziliongezeka kama ilivyotarajiwa. Matokeo yakatoka 2013: hakukuwa na kinga ya ziada inayoweza kuaminika. Wengi walivunjika moyo, ila ukirudi kwenye hesabu ya siku, haishangazi sana. Seli T nyingi kwenye damu si sawa na seli T zilizokwisha kukaa mapafuni zikimsubiri bakteria.

Jaribio lililofuata mkondo huo lilitangazwa 2020. Makaku walipewa BCG ile ya zamani, lakini kwa wingi na moja kwa moja kwenye mshipa wa damu. Seli T zikajaa mapafuni na kubaki huko. Baada ya miezi sita wakaambukizwa bakteria wakali. Kati ya 10, tisa walikingwa, na sita kati yao hawakukutwa na dalili yoyote ya maambukizo. Hakuna anayependekeza kumdunga mtoto mchanga BCG kwenye mshipa. Bakteria hai ndani ya damu ni hatari ambayo mtoto mwenye hitilafu kama ya yule wa Tunisia, au mwenye VVU asiyeanza dawa, asingeihimili. Hata kwa sindano ya kawaida ya ngozi, Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba mtoto anayejulikana ana VVU asipewe BCG mpaka awe kwenye dawa na kinga yake imetengemaa.

Ndiyo maana macho mengi sasa yako kwa M72, chanjo isiyo na bakteria hai, yenye protini mbili za bakteria zilizounganishwa na kiamsha kinga. Jaribio lake la awali lilifanyika Kenya, Afrika Kusini na Zambia, kwa watu wazima wasio na VVU ambao tayari walikuwa na maambukizo yaliyolala. Kwa miaka mitatu ilipunguza waliougua kwa karibu nusu. Jaribio kubwa lilianza 2024, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi zinazoshiriki. M72 haimkingi mtu asiambukizwe; hao wote walishaambukizwa. Inachojaribu kufanya ni kuimarisha ukuta ambao seli zao zilikwisha kuujenga zenyewe, kama walivyoujenga watoto 179 wa Lübeck.